Dandelioni na Afya Yako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ujumbe kuhusu dandelioni umezagaa kwenye vikundi vya WhatsApp vya familia, vya chama na vya kanisa, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Kakamega. Inasafisha ini, inashusha sukari, inaua saratani, inatoa maji mwilini. Baadhi ya hayo yana chembe ya ukweli, mengine ni ya kuuzia pakiti. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa zaidi na kuyajibu moja baada ya jingine. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu maisha ya mtu yako hatarini, mengine kwa sentensi chache tu.

Dandelioni ni mmea gani hasa?

Ni mmea mdogo wa jamii moja na alizeti na letasi. Jina lake la kisayansi ni Taraxacum officinale. Asili yake ni Ulaya na Asia, lakini sasa umesambaa karibu kila mahali penye ubaridi na mvua ya kutosha, na wakulima wengi huuhesabu kuwa magugu. Majani yake huliwa kama mboga. Mizizi hukaushwa na kuchemshwa, au hukaangwa na kusagwa ikawa kinywaji cheusi kinachokaribiana na kahawa ila hakina kafeini. Maua yake ya manjano hupendwa na nyuki, na yakishakomaa hugeuka vitufe vyeupe vya mbegu ambavyo watoto huvipuliza vikapeperuka.

Ulaya na Uchina imetumika kama dawa kwa karne nyingi, hasa kwa matatizo ya tumbo, nyongo na mkojo. Kwa hiyo si kitu kilichozuka juzi mtandaoni. Kilichozuka juzi ni ahadi kubwa kubwa.

Je, inamea huku kwetu? Nitaitambuaje?

Inapenda baridi. Ukiwa Molo, Elburgon, Njoro au upande wa Mau Summit una nafasi nzuri ya kuipata kwenye nyasi za uani au kando ya shamba. Kisumu, iliyo mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ina joto mno kwa mmea huu kustawi vizuri. Ndiyo maana wengi wa huko wanaoniletea "dandelioni" huwa wamechuma mmea mwingine.

Chuchumaa uutazame mmea kwa karibu. Majani yote ya dandelioni hutoka sehemu moja, chini kabisa usawa wa udongo, yakatandaa kwa duara. Hakuna shina lililobeba majani. Kingo za jani zina meno makubwa, na ncha za meno hayo zinaelekea nyuma, upande wa mzizi. Sasa shika kikonyo cha ua ukikate kwa ukucha. Ndani kina uwazi, hakina tawi wala jani, na juu kinabeba ua moja tu. Utomvu mweupe utachuruzika hapo hapo, utanata kidoleni, na baada ya muda utaacha doa la hudhurungi lisilotoka upesi kwa sabuni. Ukichimba, utakuta mzizi mmoja mnene ulioshuka chini kama karoti nyembamba ya kahawia.

Utomvu mweupe peke yake si ushahidi. Mchunga, ambao Wajaluo huuita achak, nao hutoa utomvu mweupe, ni mchungu, na ni wa ukoo mmoja na dandelioni. Sonchus, ile mboga ya porini ambayo sungura huipenda sana, nayo vilevile, ila shina lake ni refu, lina majani na linagawanyika likabeba maua kadhaa. Hizi mbili zikichanganywa na dandelioni hakuna maafa, kwa sababu zote huliwa.

Ninachokihofia ni mimea ya jenasi ya Senecio. Mingi yake ina maua ya manjano, inamea kwenye nyanda zetu za juu, na ikiwa michanga mtu asiye na uzoefu anaweza kuichuma bila kushtuka. Senecio ina alkaloidi za pirolizidini, kemikali zinazoziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini. Mtu anatoka nyumbani kutafuta dawa ya ini, anarudi na kitu cha kuliharibu ini hilo hilo. Ukikuta shina lina matawi na kila tawi lina ua lake, acha. Kama huna uhakika, usile.

Ndani yake mna nini?

Majani mabichi ni chakula kizuri kweli. Gramu 100 zina takribani miligramu 400 za potasiamu, miligramu 187 za kalsiamu, miligramu 35 za vitamini C na miligramu 3 za chuma. Vitamini K ndiyo imejaa zaidi: takribani mikrogramu 778, ilhali mtu mzima anahitaji kati ya 90 na 120 kwa siku. Kumbuka potasiamu na vitamini K, maana ndizo zitakazorudi kwenye maswali ya wagonjwa wa figo na wanaotumia dawa za damu.

Mzizi una inulini, aina ya nyuzinyuzi ambayo haisagwi tumboni bali huliwa na bakteria wazuri wa utumbo. Inulini hiyo hiyo ndiyo huwajaza gesi baadhi ya watu. Uchungu wa mmea mzima unatokana na kemikali ambazo, zikigusa ulimi, huamsha mate na majimaji ya tumbo.

Ni kweli inasafisha ini?

Hili ndilo swali linaloongoza, na ndilo linaloniumiza zaidi, kwa hiyo nivumilie.

Ini halikusanyi uchafu unaongoja kuoshwa. Lenyewe ndilo linalochuja na kuvunjavunja sumu, kila saa, bila kusaidiwa na chai yoyote. Ini likiugua, halihitaji kusafishwa. Linahitaji ugonjwa wake ujulikane jina na utibiwe.

Kuna majaribio ya panya waliopewa sumu ya kuharibu ini, kisha wakapewa dandelioni, na maini yao yakaharibika kidogo kuliko ya wenzao. Hayo ni ya kweli na yanastahili kuendelezwa. Lakini hakuna jaribio zuri la wanadamu lililoonyesha kwamba dandelioni inaponya ugonjwa wowote wa ini.

Sasa tazama magonjwa ya ini tuliyo nayo huku. Kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, kuanzia Busia na Siaya hadi Kisumu na Homa Bay, kuna kichocho cha tumbo. Minyoo yake, Schistosoma mansoni, hupenya kwenye ngozi ukiwa umesimama ndani ya maji yenye konokono. Wavuvi, wachimba mchanga, wanaoosha magari ufukweni na watoto wanaoogelea ndio wanaopatikana zaidi. Mayai ya minyoo husafirishwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama humo, na mwili unayazungushia makovu. Miaka ikipita, damu inashindwa kupita kwenye ini hilo, wengu unavimba, tumbo linajaa maji, na mgonjwa anaweza kutapika damu. Dawa ya minyoo hao ipo. Ni praziquantel, vidonge vinavyopimwa kulingana na uzito wa mtu, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, na humezwa siku moja. Kunywa dandelioni mwaka mzima hakutaua mnyoo hata mmoja.

Kuna homa ya ini aina ya B, inayopimwa kwa damu kidogo tu. Ina chanjo, na kwa aliyekwisha kuambukizwa kuna vidonge vya kuidhibiti, kama tenofovir, ambayo ni dawa iliyomo pia kwenye matibabu ya virusi vya UKIMWI. Kuna pombe, chang'aa ikiwemo. Kuna sumu ya kuvu, aflatoksini, kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na sumu hiyo ikiungana na homa ya ini B huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Kuna mafuta yanayojaa kwenye ini la mtu mwenye uzito mkubwa au mwenye kisukari.

Kila mojawapo ina njia yake. Ukiona macho yamegeuka manjano, mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, tumbo linavimba au unatapika damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usianze na kikombe cha mitishamba upime wiki mbili.

Shangazi yangu amevimba miguu. Ameambiwa dandelioni itatoa maji. Anywe?

Asinywe kwanza. Apimwe.

Majani ya dandelioni yanaongeza mkojo, kiasi. Mwaka 2009 kulichapishwa utafiti mdogo ambapo watu 17 wenye afya nzuri walipewa dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye majani, mara tatu katika siku moja. Baada ya dozi ya kwanza walikwenda haja ndogo mara nyingi zaidi, baada ya ya pili kiasi cha mkojo kikaongezeka kikilinganishwa na maji waliyokunywa, na ya tatu haikuleta tofauti. Ni siku moja tu, watu wachache, na hapakuwa na kundi lililopewa dawa bandia ili kulinganisha. Kwa ushahidi huo huwezi kumtibu mtu aliyevimba miguu.

Miguu huvimba kwa sababu moyo unashindwa kusukuma damu, au figo zinavujisha protini, au ini limechoka, au kuna damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu mmoja. Shangazi akiwa na tatizo la figo, potasiamu ya majani hayo inaweza kumlundikia kwenye damu, na potasiamu ikizidi husimamisha moyo bila onyo refu. Wakala wa Dawa wa Ulaya, ambao umeyakubali majani haya kwa shida ndogo ndogo za mkojo kwa msingi wa matumizi ya jadi, umesema wazi kwamba wenye figo zilizoshindwa, wenye moyo ulioshindwa na wenye kisukari waepuke kwa sababu hiyo ya potasiamu. Ndio hao hao wenye miguu iliyovimba!

Nina presha. Naweza kuacha vidonge nitumie dandelioni?

Hapana. Presha haiumi, na ndiyo maana watu huacha vidonge kwa urahisi. Inakuja kujionyesha kwa kiharusi au kwa figo zinazohitaji mashine. Isitoshe, dawa nyingi za presha zinazotolewa kwenye kliniki zetu, kama enalapril na losartan, zenyewe huongeza potasiamu mwilini. Ukijumlisha na dandelioni ya kila siku unaongeza juu ya kuongeza.

Basi inasaidia nini hasa?

Inasaidia hamu ya kula iliyopungua kwa muda na tumbo zito baada ya chakula: kujaa, gesi, chakula kuchelewa kusagika. Hapo ndipo matumizi ya jadi yana uzito, na hapo ndipo Ujerumani na Wakala wa Dawa wa Ulaya wameikubali itumike kwa msingi wa historia yake. Uchungu ukigusa ulimi kabla ya chakula, tumbo hujiandaa. Wazee wetu walijua hilo bila kuhitaji dandelioni, kwa kuwa waliweka mboga chungu kwenye sahani karibu kila siku.

Nasisitiza "kwa muda". Mtu aliyepoteza hamu ya kula mwezi mzima na anakonda, au anayeumwa na kiungulia usiku baada ya usiku, ana jambo la kuchunguzwa.

Na sukari?

Yapo majaribio ya maabara na ya wanyama yanayoonyesha sukari ikishuka kidogo. Kwa wanadamu hakuna ushahidi wa kumfanya mtu aguse dozi yake ya metformin au insulini. Ukila majani haya kama mboga badala ya kuongeza donge la pili la ugali, sukari yako itafurahi, lakini hapo kilichofanya kazi ni kupunguza ugali. Na usisahau onyo la potasiamu: kisukari cha miaka mingi huharibu figo kimyakimya, kwa hiyo uliza vipimo vyako vya figo kabla ya kuifanya kuwa mazoea.

Niliona video inasema inaua saratani kwa saa 48. Ni uongo?

Video hiyo imechukua ukweli ikaunyoosha hadi ukakatika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Windsor, Kanada, walichapisha mwaka 2016 matokeo ya majaribio ya dondoo (dawa iliyokamuliwa) la mzizi wa dandelioni dhidi ya seli za saratani ya utumbo mpana. Zaidi ya asilimia 95 ya seli hizo zilikufa ndani ya saa 48. Lakini seli zilikuwa zimeoteshwa kwenye vyombo vya maabara, na dondoo lilimwagwa juu yake moja kwa moja. Walijaribu pia kwa panya.

Chai unayoinywa inapita tumboni, kwenye utumbo, kwenye ini, inavunjwavunjwa, na kinachofika kwenye uvimbe si kile kilichomwagwa kwenye chombo. Vitu vingi huua seli za saratani maabarani. Hata jiki itaziua.

Niseme kwa uchungu: saratani ikigunduliwa mapema, aina nyingi hutibika. Ile ya mlango wa kizazi inaweza kuonekana kwa uchunguzi mfupi kabla haijawa saratani kamili. Miezi ambayo mama anaimaliza akinywa mizizi ndiyo miezi ambayo daktari angeitumia kumwokoa. Tafadhali usimtumie mgonjwa video hiyo. Mtumie nauli ya kliniki.

Inatibu malaria au taifodi?

Hapana kwa zote mbili. Eneo la ziwa lina malaria mwaka mzima, na mtoto mwenye homa apimwe haraka. Watu huniambia kwamba dawa ya malaria nayo ilitoka kwenye mmea, na ni kweli. Artemisinini ilitoka kwenye Artemisia annua, na Tu Youyou wa Uchina alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini aliitenga kemikali, ikapimwa kwa wagonjwa, dozi ikajulikana. Dandelioni haijafika huko kwa ugonjwa wowote.

Nani asiitumie kabisa kama dawa?

Mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo au mfereji wa nyongo ulioziba, kwa sababu inachochea nyongo itiririke, na jiwe likisukumwa likakwama maumivu yake hayaelezeki. Mwenye ugonjwa wa ini unaoendelea, ajabu ya watu kuiita dawa ya ini. Mwenye vidonda vya tumbo vinavyouma sasa. Mwenye figo au moyo ulioshindwa, na mwenye kisukari, kama nilivyosema. Mwenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti: ukiwa unawashwa ukishika maua ya krisanthimamu, au wewe ni mfanyakazi wa maua Naivasha na mikono yako tayari ina vipele, kaa mbali nayo.

Ninatumia dawa nyingine. Zipi hazipatani nayo?

Warfarini kwanza. Dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda hupimwa kwa uangalifu kulingana na vitamini K unayokula, na majani haya yamejaa vitamini K. Ukiyala leo kwa wingi, kesho usiyale, vipimo vyako vitayumba. Lithiamu, inayotumiwa kwa ugonjwa wa akili, inaweza kupanda hadi kiwango cha sumu kwa chochote kinachobadilisha mkojo. Vidonge vya kukojoza maji, hasa spironolactone inayobakiza potasiamu. Dawa za presha nilizotaja. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, pia: kwa panya, dandelioni ya aina ya Uchina ilipunguza kiasi cha dawa kilichoingia kwenye damu, kwa hiyo usivitumie pamoja.

Mjamzito, anayenyonyesha na watoto?

Kula majani machache kama mboga, sawa. Kuitumia kama dawa ukiwa mjamzito au unanyonyesha, usiitumie, kwa kuwa usalama wake haujathibitishwa. Watoto walio chini ya miaka 12, vivyo hivyo.

Nimeipata ya kweli na ninataka kuila. Niipikeje?

Chuma majani machanga kabla mmea haujatoa maua, maana yakishakomaa uchungu wake unazidi. Yaoshe kwa maji yanayobadilishwa mpaka mchanga uishe chini ya karai. Chemsha maji kwenye sufuria, tia majani dakika chache, mwaga maji hayo ya kwanza, yatakuwa ya kijani iliyokolea na machungu. Kisha kaanga kitunguu, tia nyanya, tia majani, na ukipenda malizia na maziwa au malai kama unavyofanya managu. Iache ilale hadi kesho yake na uipashe moto, na utaona uchungu umetulia. Ukiiandaa hivyo ni mboga kabisa ya kulia ugali wa wimbi. Kumwaga maji ya kwanza kunapunguza potasiamu na vitamini C, lakini mgonjwa wa figo asichukue hilo kuwa ruhusa.

Kwa chai, vipimo vya Ulaya kwa mtu mzima ni gramu 4 hadi 10 za majani makavu kwenye kikombe cha maji ya moto, mara tatu kwa siku. Mzizi ukiwa pamoja na majani, gramu 3 hadi 4 zikichemshwa. Tumia mizani ndogo ya jikoni, kwa sababu kijiko cha majani makavu na kijiko cha unga wa mzizi havilingani kwa uzito. Dalili zikiendelea zaidi ya wiki mbili, acha chai uende kliniki.

Nichume wapi?

Kwenye shamba lako unalojua halijapuliziwa dawa. Usichume kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret wala kandokando ya mitaro ya maji taka mjini. Mmea huu unavuta metali nzito kutoka kwenye udongo vizuri kiasi kwamba wanasayansi wa Ulaya wameutumia kupimia uchafuzi wa mazingira. Kinachowafaa wao kama kipimo hakikufai wewe kwenye sufuria. Na usichume uani kwa mtu bila kuuliza kama alipuliza dawa ya magugu, kwa sababu jani linaweza kuonekana bichi kwa siku kadhaa baada ya kupuliziwa.

Pakiti za dukani je?

Igeuze pakiti usome nyuma. Unatafuta jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika (jani au mzizi), uzito, nambari ya toleo, tarehe ya kuisha muda, na jina la mtengenezaji unayeweza kumtafuta. Dawa za mitishamba nchini zinatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na una haki ya kumuuliza muuzaji nambari ya usajili. Akikasirika, umepata jibu lako.

Pakiti inayosema inatibu ini, figo, sukari, presha, saratani na nguvu za kiume kwa pamoja, irudishe kwenye rafu. Jihadhari pia na unga unaoondoa maumivu ya viungo ndani ya saa moja. Katika nchi nyingi imegundulika kwamba wauzaji wengine huchanganya kisiri dawa za hospitali, zikiwemo steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe), ndani ya unga wa mitishamba. Dandelioni haina kasi hiyo.

Utomvu wake unaondoa chunjua?

Ni imani ya zamani ya Ulaya isiyothibitishwa. Utomvu huwasha ngozi za watu wengine, na usiupake karibu na macho kamwe.

Nisipoipata Kisumu, nitakosa nini?

Hutakosa kitu, na ningependa hili lieleweke kwa mapana. Unayotafuta kwenye jani la dandelioni, yaani uchungu, chuma, kalsiamu na vitamini, yako sokoni Kibuye kila siku. Kuna managu, ambayo Wajaluo huiita osuga na Waluhya lisutsa. Kuna saga, ambayo ni dek kwa Wajaluo na tsisaka kwa Waluhya. Kuna mboga ya mitoo. Kuna mchunga wenyewe, ndugu wa karibu wa dandelioni, unaomea shambani bila kupandwa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kuzitafiti mboga hizi za kienyeji na kuzirudisha kwenye mashamba na sahani zetu.

Inanisikitisha kuona mama akilipa bei kubwa kwa pakiti ya majani makavu yaliyovuka bahari, huku saga mbichi ikinyauka kwenye kibanda cha jirani yake jioni. Zile fedha zingenunua mafungu ya wiki nzima. Onyo la wagonjwa wa figo na wa warfarini linazihusu mboga hizi pia, ila kwa mtu mzima wa afya hakuna sababu ya kuitafuta ya mbali.

Nimwambie daktari kwamba natumia mitishamba? Ninaogopa atanikaripia.

Mwambie. Ninajua kuna wahudumu wanaogombeza, na wanakosea, kwa sababu mgonjwa aliyegombezwa mara moja hatasema tena. Sema tu: "Daktari, nimekuwa nikinywa majani ya dandelioni asubuhi na jioni, na ninataka ujue kabla hujaniandikia dawa." Mhudumu mzuri atakuuliza kiasi na muda, na huenda akaagiza kipimo cha figo na potasiamu. Kama huwezi kumwambia daktari, mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu akusindikize.

Nimeanza kuitumia. Niache lini?

Acha mara moja ukipata vipele, midomo kuvimba au kifua kubana. Kifua kikibana usingoje, tafuta gari au boda boda uende hospitali iliyo karibu. Acha ukihisi mapigo ya moyo yanaruka, misuli inalegea bila sababu, au kizunguzungu kila unaposimama. Acha ukipata maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu, hasa baada ya kula mafuta. Acha macho yakianza umanjano. Na unapokwenda hospitali, beba pakiti yenyewe, au mmea mzima na mzizi wake kwenye mfuko, ili wanaokuhudumia waone ulichokunywa.